Kasuku Aliyejua Kupiga Yowe

Ukitaka kufuga kasuku hapa Katindiuka, utaambiwa uende kwanza kwa Bernadeta. Nenda, lakini usitarajie maneno matamu. Ataitikia shikamoo yako, atakupa kiti, kisha atakuonyesha kidole gumba chake cha kushoto, ambacho kucha yake haijaota tena tangu ndege alipoing'oa. Atakuuliza kibali cha maliasili kiko wapi. Atakuambia kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, kwamba moshi wa jikoni unamuua, na kwamba ukimwacha peke yake siku nzima atajinyonyoa manyoya mpaka atokwe na damu. Tena anaishi miaka hamsini, anaweza kukuzika wewe na mwanao. Halafu atakukazia macho akuulize: kwenu mnagombana? Kama mnagombana, rudi nyumbani mikono mitupu.

Anajua anachosema. Bernadeta ni mkulima wa mpunga, ekari mbili za kwake mwenyewe, na aliolewa na Stanislaus, dereva wa lori, mwanamume mcheshi barazani na mnyama chumbani. Kasuku aliingia nyumba ile mwaka ambao Stanislaus alimvunja mkewe meno mawili kwa spana ya magurudumu. Wiki moja baadaye alirudi safari na tundu la waya, ndani yake ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyempata kwa dereva mwenzake wa Bukoba bila karatasi yoyote. "Zawadi yako, mke wangu," alisema. Bernadeta, mdomo ungali umevimba, alisema asante. Angesema nini?

Mwezi mzima alimfundisha ndege kusema "karibu" na "habari za asubuhi". Wapi! Kasuku hashiki kinachosemwa kwa upole. Hushika kinachosemwa kwa nguvu, kwa hasira au kwa hofu, na nyumba ile ilikuwa navyo vyote viwili kwa wingi. Siku moja Bernadeta alikuwa uani anapepeta mchele, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka barazani: "Mama wee! Jamani ananiua! Jamani nakufa!" Ungo ulimponyoka.

Mtaani kwao yowe halina mjadala. Likipigwa, mwenye panga anachukua panga, mwenye mchi anachukua mchi, watu wanakimbia kwanza na kuuliza baadaye. Walifika wakihema, mbele yao mzee Maximilian, balozi wao wa nyumba kumi, na Salha, mwenye duka la jirani. Walimkuta Stanislaus anakunywa chai na kasuku anapiga kelele juu ya kichwa chake. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mara ya pili walicheka kidogo. Mara ya tano balozi alikasirika, akatangaza kwamba yowe likitoka nyumba ile asijisumbue mtu, ni kasuku tu.

Stanislaus hakuhitaji zaidi ya hapo. Tangu siku ile alipiga mchana kweupe, madirisha wazi, kwa mkanda wa feni ya lori, bila haraka. Bernadeta akilia, kasuku alilia naye, na huwezi kutofautisha yupi ni yupi. Ngozi ya mgongo ilipasuka ikapona, ikapasuka tena palepale. Stanislaus alipaza sauti dirishani, "Nyamaza wewe ndege!" na barabarani mtu alicheka. Kicheko kile kilimuumiza Bernadeta kuliko mkanda. Alielewa kwamba atauawa huku majirani wanamsikia, na hakuna atakayenyanyuka.

Kukimbia alikwisha kukimbia. Mara mbili alifika kwao Masagati, na mara mbili kaka zake walimrudisha kwa mumewe.

Kisha ikaja Jumamosi moja, utingo wa Stanislaus akampigia Bernadeta simu. "Mama, shikamoo. Lori limepinduka huku Mlimba, bosi kamfukuza kazi. Anakuja huko, na amekunywa. Ondoka, mama."

Bernadeta hakuondoka. Aliteremsha tundu kwenye msumari wake, akalibeba mpaka dukani kwa Salha.

"Dada Salha, naomba nikuachie huyu. Nafukiza kunguni, moshi utamuua."

"Muache hapo juu ya gunia, Bernadeta."

Alisimama kidogo mlangoni. Alitaka kusema yote, lakini aliona aibu, akarudi nyumbani.

Stanislaus aliingia saa saba mchana, akaufunga mlango kwa komeo. Alitazama msumari. "Ndege yuko wapi?"

"Nimemuuza."

Aliuchukua mpini wa jembe nyuma ya mlango. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa Bernadeta, naye akausikia mfupa ukilia. La pili lilimpata ubavuni, akaanguka juu ya masufuria. Damu ilimwingia jichoni. Miezi ya karibuni alikuwa amezoea kulia kwa kujibana. Leo alivuta pumzi yote aliyobakiwa nayo na kupiga yowe.

Salha alimsimulia baadaye ilivyokuwa. Alikuwa anapima sukari, na wateja wawili wakacheka, "Kasuku wa Bernadeta kaanza." Yeye mwenyewe alikuwa karibu kucheka. Aligeuka, akamwona ndege juu ya gunia, kimya, anamenya mbegu ya alizeti. Sukari yote ilimwagika.

Bernadeta, sakafuni, alisikia mlango unagongwa. Stanislaus akapaza sauti ileile ya kila siku, "Ni kasuku jamani! Rudini!"

"Kasuku ninaye mkononi," Salha akasema nje.

Mlango uliangushwa. Stanislaus aliinua mpini, na mchi wa Salha ukamponda vidole. Waliobaki walimmalizia hasira na aibu zao kwa mateke na marungu, balozi mwenyewe akiwa wa kwanza, hadi uso wa Stanislaus ukawa hauna umbo. Bernadeta alitazama kwa jicho moja, na hakuwahurumia hata chembe. Polisi walimtoa akipumua kwa shida, na sasa anatumikia kifungo.

Bernadeta aliporudi kutoka hospitali, mkono ukiwa kwenye plasta, alimkuta mzee Maximilian barazani na kisu. Alikuja kumchinja kasuku, maana ndiye aliyewadanganya watu wote.

"Weka kisu chako, mzee," Bernadeta alimwambia. "Huyu hajadanganya hata siku moja. Miezi minane amewaambia kwamba nauawa. Ninyi hamkuuliza alijifunza kwa nani."