Pale mama alipopandisha sauti

Leo kanisani hapa Bungoma nimeimba wimbo mmoja vibaya hadi watu wakageuka.

Si unajua mama alinilea Kitale miaka ya themanini, akiimba huo wimbo akisonga ugali. Mwisho wa ubeti sauti yake ilipanda, nikajua wimbo unaenda hivyo.

Leo kwaya ikafika hapo, nikapanda.

Wote wakashuka.

Nikabaki huko juu peke yangu, bana.

Baada ya ibada mama mmoja mzee akanishika mkono.

"Wewe ni mtoto wa Nekesa?"

"Ndiyo, mama. Alishatuacha."

"Tuliimba naye hapa kabla aolewe. Alikuwa anapanda hapo hapo, tunamgombeza. Alipoenda Kitale, kwa muda mrefu tukifika hapo tulikuwa tunamngojea apande."

Bado nimekaa nje ya kanisa, sijaenda nyumbani.

Wewe ni wimbo gani unaujua kwa sauti ya mtu ambaye hayuko?