Maneno ya Ketrina Bombani

Mashine ya kusaga ya pale Mlowo ilimlisha Yonasi kwa miaka mingi, kisha ikayachukua masikio yake kuwa ujira wake. Aliporudi kwao Msangano hakuwa akisikia hata radi. Mkewe, Ketrina, akajifunza kusema naye kwa mikono: vidole vikishuka ni mvua, kiganja shavuni ni usingizi. Walielewana vizuri. Hata hivyo Ketrina alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake matamu yaliishia kwa majirani. Wakati wa mvua za mwaka 2014 akafariki.

Kiangazi kilipoingia, Yonasi alikwenda Tunduma kwa Yahaya, mwenye kibanda cha intaneti, ambaye alijuana naye tangu Mlowo. Yahaya akamkalisha mbele ya kompyuta. Katika tovuti ya halmashauri palikuwa na video ya kuzindua bomba la maji la Msangano, na katikati ya umati alisimama Ketrina, akizungumza. Siku ile ya uzinduzi Yonasi alikuwa kitandani na homa. Sasa alimwona mkewe akinyoosha kidole kuelekea nyumbani kwao, mabega yakimtikisika, na watu wakiinama kwa kucheka.

“Anasema nini?” aliuliza.

Yahaya, mzaliwa wa Kigoma, akatikisa kichwa, akamwandikia kwamba Ketrina alikuwa akisema Kinamwanga, lugha asiyoijua yeye. Akaipakua taarifa iliyowekwa chini ya video, akaitoa kwenye printa. Ilisema: *Mwakilishi wa akina mama aliishukuru serikali.* Basi. Yonasi aliisoma tena na tena. Kinywa cha Ketrina kilikuwa kimekwenda mbali zaidi ya hapo. Majirani nao, alipowauliza, walimwonyesha kwa mikono kwamba aliwachekesha. Maneno yenyewe yalikwisha kuwatoka.

Ndipo akafunga safari mpaka ofisi ya halmashauri, kwa Nesta, binti mzaliwa wa Ndalambo, mjuzi wa Kinamwanga, aliyetunza tovuti hiyo.

“Mwanangu, naomba maneno ya mke wangu yaandikwe chini ya picha,” alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Danford, mhasibu wa chumba cha pili, akachungulia. “Nesta, unagombana na nani?”

“Sigombani. Baba anaomba, ila hasikii, ndiyo maana jengo zima linapata taarifa.”

Nesta akamwandikia mzee kwa herufi kubwa kwenye kompyuta: *Samahani, baba. Ilipaswa iwe hivyo tangu mwanzo.* Akavaa vifaa vya masikioni, akawa anasikiliza, anasimamisha, anaandika kwa Kiswahili. Yonasi aliketi, kofia magotini, akiyatazama maandishi yakizaliwa.

*Tunashukuru kwa maji. Nyumbani nina mtu asiyesikia neno. Lakini nikichelewa kisimani, hunifuata njiani. Husema anakuja kunipokea ndoo. Ndoo gani, jamani? Sasa bomba liko mlangoni, atatafuta sababu nyingine.*

Yonasi alisoma polepole, akivuta kila neno kama mtu avutaye kamba ya kisima kirefu. Alidhani siku zote kwamba Ketrina aliamini habari ya ndoo.

“Na kicheko?” aliuliza. “Nimemwona akicheka. Hukukiandika.”

Nesta akaandika: *Baba, hii ni tovuti ya serikali.*

“Alicheka mbele ya serikali.”

Danford, ambaye hakuwa ameondoka mlangoni, akainamisha kichwa. “Kweli hiyo. Mwandikie mzee kicheko chake.”

“Alicheka baada ya neno gani?” Yonasi akauliza.

Nesta alirudia kusikiliza. Baada ya neno *jamani*, akaongeza: *Anacheka. Watu wanacheka. Anashindwa kuendelea kwa muda.* Akaicheza video tangu mwanzo, na safari hii maneno yalipita chini ya uso wa Ketrina, kila moja mahali pake. Mikono ya Yonasi ilikuwa juu ya magoti, lakini vidole vilianza kusogea vyenyewe, vikimjibu.

Gari lilimshusha Msangano jua likielekea kutua. Njia ya bombani ilikuwa fupi na pana, na mlango wa nyumba yake ulionekana kutoka pale barabarani. Yonasi akaiacha. Akashika ile ya zamani, iliyokwisha kuota nyasi, inayoshuka kisimani, akatembea taratibu kama mtu anayetazamia kukutana na mwenziwe njiani.