Nilisema "Karibu Tena" Ziwani, Sasa Wanamtaka Ba

"Mama wa Kihindi amezamisha mtoto wa udongo, ndiyo maana ziwa limeingia majumbani mwetu." Ndivyo ilivyoandikwa juu ya ile video ambayo wengi wenu mmeshatumiana. Uongo. Naanza na neno hilo kabla ya salamu, kwa sababu beseni linaloonekana mle nililishika mimi, na sauti ya mwanamke anayesema "karibu tena" ni yangu.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka arobaini na tisa, Muislamu, mzaliwa wa Bujumbura, mke wa mtu, muuza vitambaa. Naishi Kinindo, upande wa chini kuelekea ziwa. Ukuta wangu umepakana na wa bibi mmoja wa Kihindi ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Mumewe alishafariki. Mwanawe, anayefanya kazi kwenye depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, yuko safarini India na familia yake. Ba yuko peke yake. Shikeni hilo.

Kila mwaka Ba humfinyanga Ganesha wake, mungu mwenye kichwa cha tembo, mdogo wa kukaa kwenye viganja viwili. Humweka sebuleni siku chache, humwashia taa, humpa maua mekundu na ladu, yale matonge matamu ya unga na samli ambayo nusu ya mtaa tunaujua utamu wake. Kisha humrudisha majini ayeyuke. Anasema ni mgeni: amekaribishwa, amelishwa, sasa anasindikizwa. Miaka yote alimyeyusha kwenye ndoo uani, maji akamwagilia maua. Safari hii alitamani ziwa, na kwa kuwa magoti yake hayainami tena, akaniomba nimshikie beseni.

"We mama, unashika ile beseni kama iko na nyoka!" alinicheka pale ufukweni.

"Iko nzito, Ba."

"Ni tumbo yake. Inafanana na ya bwana yako."

Tulicheka. Akasema maneno kwa lugha yake, nikamuuliza anamwambia nini. "Namwambia aende salama, mwaka kesho arudie kwa nyumba yetu." Na mimi, niliyelelewa kutomwacha mgeni aondoke bila neno, mdomo ukanitangulia: "Haya, karibu tena." Sikusujudu. Sikuomba kitu. Nilisema ninachomwambia kila mteja anayetoka dukani kwangu.

Kumbe kuna mtu alikuwa anatupiga picha. Siku chache baadaye mvua ikashuka, ziwa likapanda, maji yakaingia kwa majirani wa chini. Ndipo video ikatoka: sauti yangu kwanza, halafu makochi ya watu yanaelea. Sasa wanasema tuliliita ziwa. Wanasema ule udongo ulikuwa badala ya mtoto, na ziwa litakuja kumdai mtoto wa kweli.

Nawajibu. Ziwa hili lilishaingia majumbani kabla Ba hajawahi kulikanyaga. Mmejenga kwenye njia yake, mitaro mmeijaza chupa za plastiki, leo mnamtafuta bibi mwenye donge la udongo! Na wewe uliyeandika "mashetani", ule uzi mweusi kiunoni mwa mwanao ni wa nini? Sisi Waislamu, wangapi tukiumwa tunakunywa kombe, maji yaliyooshewa aya? Ninyi Wakristo, wangapi hamwendeshi gari jipya mpaka linyunyiziwe maji ya baraka? Mimi siamini anachoamini Ba, na sijawahi kumficha hilo. Nimesoma dini yake na yangu, najua tunapoachana. Lakini kutoamini ni jambo moja, kumsingizia mtu uchawi ni jingine.

Hivyo ndivyo ninavyogomba jikoni, peke yangu. Nikifungua mlango, nasalimia tu na kupita.

Juzi walikuja wanaume watatu. Aliyesema ni jirani yetu mwenye duka la matairi, ambaye maji yalimharibia nyumba. Hakutaka hata kukaa.

"Mama, sisi hatuna shida na we. Ijumaa, nyuma ya sala kuisha, utasimama kwa lango ya ule muzee, useme mbele ya watu: alinidanganya, mi sikujua anafanya uchawi."

"Na nikikataa?"

"Basi tutajua muko wawili."

Bwana wangu aliwasindikiza hadi mlangoni. Walipotoka akaniambia, "Sema tu, mama watoto. Ni maneno tu." Maneno tu! Bibi akishaitwa mchawi mbele ya watu wenye hasira, nani atawarudisha nyumbani? Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa, akaniambia nisikuze mambo. Nilimpigia mwana wa Ba kule India, akalia kwenye simu. Ndege yake ni wiki ijayo.

Ba hana habari za video. Kila asubuhi anapiga kengele yake ndogo mbele ya picha za miungu yake, na nikiisikia kupitia ukutani nakimbilia dirishani kuona nani anapita. Jana nilimwomba aiache kidogo.

"Ni ya kumuamusha Mungu," alisema. "Unaogopa ataamuka?"

"Apana. Naogopa majirani, Ba."

Akajaza sahani ladu. "Basi uwapelekee. Pengine ni njaa inawakasirisha."

Sahani hiyo iko jikoni kwangu, imefunikwa. Sikuthubutu kutoka nayo.

Ninyi mnaonisoma kutoka mbali, nishaurini. Nikisema wanavyotaka, nimemkabidhi Ba mikononi mwao. Nikikataa, nina watoto ndani ya nyumba hii. Nifanye nini?

Lakini ninyi wanawake wa mtaa wetu, mnaosoma ukurasa huu kila siku na sasa mmeshanijua, kwenu sitaki ushauri. Mmekula ladu za Ba kila sikukuu yake. Mlipokwenda kujifungua, yeye ndiye aliyekaa na watoto wenu. Ijumaa, kabla sala haijaisha, tokeni na viti vyenu mje mkae langoni kwake. Nitakuwa pale na sahani yake magotini. Msiniache nikae peke yangu.