Shikamoo Chini ya Kamera

Nilikuwa msimamizi wa mstari wa tatu kwenye shamba moja la waridi huko Usa River, na nasema bila haya kwamba kazi niliiweza. Hata kamera zilipofungwa juu ya meza zetu za kupanga maua, sikubabaika. Kompyuta iliyounganishwa nazo iliangalia mikono. Ukiacha mikono itulie kidogo, taa ya meza yako inawaka nyekundu, na nyekundu zikizidi, mkataba hauongezwi.

Wasiwasi wangu ulikuwa kwa mama mmoja wa Kimeru, mkubwa kuliko sisi sote. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini kila akiamkiwa aliweka mkasi chini, akageuka, akamtazama mtu usoni, ndipo akaitika. Kuitikia salamu huku umeshika mkasi, kwake ni kukosa adabu. Na sisi sote tulimwamkia. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule.

Nikajiona nina akili. Niliwanong'oneza wenzangu wasimwamkie tena, wapite kimya, tumwokoe. Wiki nzima taa yake ilikuwa ya kijani, nami nikatembea kifua mbele.

Jumamosi alinifuata bombani nikinawa.

"Mwanangu, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea kitu, mama."

"Basi mbona mmenizika ningali hai? Hata wewe huniamkii."

Nikamweleza habari ya kamera. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kazi naitaka, nina wajukuu wanasoma. Lakini siyo hivi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatatu asubuhi niliacha meza yangu, nikasimama mbele yake, nikasema shikamoo ya kusikika ukumbi mzima. Akaweka mkasi chini. "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?" Nyuma yangu wenzangu, niliokuwa nimewaeleza maneno ya mama, walikuwa wamepanga foleni. Taa za mstari wetu zikawa nyekundu kutoka mlangoni hadi chumba cha baridi.

Meneja wetu, Mchaga mmoja mdogo kwangu kwa umri, alikuja mbio akitaka jina la aliyesimamisha kazi.

"Bosi, andika mstari mzima," nikamwambia, "uanze na mimi."

Alitutazama, kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa amesharudi kwenye maua yake. Akashusha kalamu bila kuandika.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama aliweka mkasi chini, akageuka, akamwitikia taratibu, na taa ikawaka nyekundu mbele ya macho ya mtu wa kusaini mkataba wake.