Dari Iliyopinda kwa Mama Emerance

Saa moja asubuhi, Norbert Kisimba, fundi wa dari, amesimama juu ya pipa tupu katika sebule ya Mama Emerance, mtaa wa chini wa Kalemie. Mkononi ana ncha ya mpira mwembamba wa kupimia usawa, unaoonyesha maji ndani. Ncha ya pili ameishika mwenye nyumba mwenyewe, amepanda kiti kwenye kona ya upande wa ziwa.

"Mama, maji yako wapi?"

"Hapa, kwenye alama yako."

"Usitingishe mukono."

"Papa Norbert, mimi si musumari. Ninachoka."

Ni Alhamisi, Agosti 1992. Jumamosi watu watakuja kuondoa matanga ya marehemu mume wake, Gaspard, fundi wa injini za mashua. Mjane hataki wakae chini ya dari iliyooza. Amepata mbao za jasi zilizoshushwa bandarini kutoka Kigoma.

Nyumba hii ilijengwa Kalemie ingali inaitwa Albertville. Ziwa lilipojaa miaka ya sitini, ukuta mmoja ulizama kidogo, na boriti zikaufuata. Leo boriti iliyo juu zaidi na iliyo chini zaidi zinapishana vidole vinne.

"Huwezi kupigilia jasi hapo moja kwa moja," anasema Norbert, mwenye miaka hamsini na moja. "Kwanza unatafuta boriti iliyo chini kuliko zote. Unapeleka kimo chake kwenye kuta zote kwa maji, unavuta nyuzi, halafu unateremsha mbao nyembamba kwa kabari mpaka ziguse uzi."

Anajua kwa nini. Mwaka jana, kwa mwalimu mmoja, aliliamini jicho lake akapigilia moja kwa moja. Mvua za Novemba ziliponyesha, mbao zikapasuka, na mmoja ukaangukia kitanda. Kwa bahati hakikuwa na mtu. Zamani alifanya nyumba saba kwa mwaka. Tangu siku ile amepata mbili tu. Sokoni wanamwita Papa Plafo Chini, yaani baba wa dari zinazoanguka.

"Hata muke wangu alicheka," anasema. "Halafu akaona sicheki, akaacha."

Kazi hii ndiyo inayoweza kumrudishia jina. Jumamosi nusu ya mtaa itakuwa chini ya dari yake.

Juzi na jana alifunga fremu yote ya mbao nyembamba, ncha moja ya mpira ikiwa imefungwa kwenye msumari katika kona ile ya ziwa. Asubuhi hii anahakikisha tu kabla ya kupandisha mbao. Mama Emerance anausogeza mpira puani.

"Papa Norbert, haya maji yananuka mazutu."

"Nilisukutua huo mupira."

"Miaka makumi mbili na mbili nilifua nguo za marehemu. Utanifundisha harufu ya mazutu?"

Norbert anashuka. Mpira aliuazima kwa mwenye mashua, anayeutumia kunyonyea mazutu, yaani dizeli, kutoka kwenye pipa. Anazileta ncha mbili pamoja, bega kwa bega. Maji yalipaswa kulingana. Ncha ya mjane imepanda unene wa kidole: juu yake yameelea mafuta, na mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo husimama juu zaidi.

Kila uzi ulioanzia kona ile, basi, umepinda.

Anautazama uzi mmoja. Kidole kimoja katika chumba cha mita sita, hakuna mgeni atakayekiona. Lakini jasi ikilazimishwa kwenye fremu iliyopinda, itangoja mvua tu ipasuke.

"Mama, lazima nibomoe nusu. Jumamosi haitakuwa imeisha."

Mjane anaangalia juu. "Watu watasema nini?"

"Watasema Papa Plafo Chini."

"Bomoa," anasema. "Mimi njo nitabaki kulala humu, si wao."

Jumamosi wageni wanakaa, nusu chini ya dari nyeupe, nusu chini ya mbao tupu. Mzee Ignace, nahodha aliyefanya kazi na marehemu, anauliza kwa sauti kama seremala amekimbia. Mama Emerance anamjibu: "Hakukimbia. Alikosea, akaniambia. Wewe ulishawahi?" Watu wanacheka, na nahodha pia.

Jumatatu umebaki ubao mmoja wa jasi. Kabla haujapanda, mjane anaomba penseli. Kwenye upande utakaofichwa anaandika jina la Gaspard na tarehe aliyofariki, polepole, kisha anamrudishia fundi.

"Na jina yako andika. Siku ikianguka, wajue muntu wa kulaumu."

Norbert anaandika jina lake lote, na mwaka. Anasema mvua ya kwanza ya Novemba atakuja kukaa sebuleni humu, aangalie juu. Isipodondoka hata chembe, kesho yake atakwenda kwa yule mwalimu kumwomba amruhusu kumfungia dari upya, bure.

"Akikataa?" anauliza mjane.

"Nitarudi kwake tena," anasema, na kuinua ubao begani.