Kikohozi cha Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama mbele ya baraza kule upande wa Moding, leso nimeifunga kichwani hadi kwenye nyusi, shingo nimeigeuza upande kama mtu aliyelala vibaya. Cheka tu, hata mimi leo nacheka. Kwenye safu ya mbele alikuwa amekaa baba mkwe wangu, Mzee Ekisa, na mimi mkaza mwana wake ndiye niliyetumwa na serikali kumuuliza maswali yeye na kijiji chake. Kwetu, mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani mbele za watu. Ni heshima, si ugomvi.

Nilikuwa bado mbichi kazini, binti wa kutoka Matayos niliyeolewa huko Moding. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka wa Malaba ilikuwa imewachosha watu, na tajiri mmoja akaomba ruhusa ya kujaza udongo kwenye kinamasi chetu ajenge yadi ya kuegesha. Zamani ofisi ingetazama ramani, iandike kwamba ile ni ardhi isiyotumika, na tingatinga lishuke. Lakini mkubwa wetu alileta jambo jipya: kabla ya kuamua, twende tukapime kinamasi kinawapa watu nini, kuanzia maji mpaka majani, tuyaweke wazi kwenye ripoti. Alituambia serikali haiwezi kulinda kitu isichojua faida yake. Maneno ya maana kabisa. Akanichagua mimi, kwa sababu nimeolewa pale na watu watanifungulia moyo. Maskini, alikuwa mtu wa mbali. Miiko yetu ya ukwe hakuijua.

Na mimi nilinyamaza, nikasema moyoni kazi ni kazi. Ila nilijua wazi: ripoti ikirudi tupu, yadi inapita, na chemchemi ya pembeni tunayochotea maji, mimi na mama mkwe wangu na nusu ya kijiji, inafukiwa. Tena shamba la baba mkwe ndilo lililopakana na kinamasi. Tajiri alikuwa amekwisha kumtembelea na kumpa ahadi nono ya kulinunua.

Baraza ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa. Wazee walikuja na viti vyao, wanawake wakakaa nyuma kwenye mikeka. Nikauliza: kinamasi hiki kinawasaidia nini? Mzee mmoja akasema kinaleta mbu. Mwingine akasema nyoka. Wa tatu akasema ng'ombe wake alizama humo, na kama kuna mtu wa kukinunua, anunue haraka. Nikawageukia wanawake. Kimya. Nikauliza tena kwa upole, wakatazama vidole vyao. Na mikeka waliyoikalia, mwanangu, ilikuwa ya mafunjo ya kinamasi kile kile!

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile niliona neno likiharibika mbele ya macho yangu na sikuwa na dawa. Wale wanawake karibu wote walikuwa wameolewa pale kama mimi. Kila mmoja baba mkwe wake alikuwa amekaa mbele yake. Niliwauliza jambo ambalo hata mimi mwenyewe nisingeweza kulijibu, ingawa kila asubuhi nilikanyaga tope la kinamasi hicho. Nilianza kukusanya karatasi zangu, nikijua ninarudi ofisini mikono mitupu.

Hapo Mzee Ekisa akakohoa.

Acha nikuambie kuhusu hicho kikohozi. Nilipokuwa bibi arusi mpya, njia ya chemchemi ilikuwa nyembamba na tulikutana mara kwa mara, yeye akitoka kwenye ng'ombe, mimi na ndoo yangu. Hakuwahi kunishtua. Alikohoa angali mbali, nami nikapata nafasi ya kuingia pembeni kwenye nyasi, nikainama, akapita. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo, na bado nilijua kwamba mzee yule ananipenda.

Basi alipokohoa barazani, miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Lakini safari hii aliyetoka njiani alikuwa yeye. Aliinuka polepole, akabeba kiti chake, akaanza kuondoka. Watu wakanong'ona kwamba mzee ameudhika. Naibu wa chifu akamkimbilia.

"Mzee, tumekukosea wapi?"

"Hamjanikosea. Hawa mama tumewaziba mdomo kwa kukaa tu. Na wewe beba kiti chako. Bibi ya kijana wako si yule pale nyuma?"

Naibu wa chifu akatazama nyuma, akajikuna kichwa, akabeba kiti. Wazee wengine nao wakainuka, mmoja mmoja, wakaenda kukaa mbali nyuma ya kanisa. Mwanangu, nililia palepale mbele ya watu, na machozi yale sikuyaonea haya.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Amoit, aliyeolewa boma la jirani. "Dada, kiangazi kikikausha kila kitu, marando ya viazi tunayaficha kule chini penye unyevu. Mvua ikirudi, hiyo ndiyo mbegu ya kijiji kizima. Mkijaza udongo, tutapanda nini?" Baada yake ikawa kama kifuniko cha sufuria kimeondolewa. Wakataja kambare, udongo wa vyungu, dawa ya kuogeshea watoto wenye vipele, maji ya mafuriko ambayo kinamasi huyameza kabla hayajafika majumbani. Msichana mmoja, ndoa yake ikiwa mpya, akasema kule kwenye mafunjo ndiko anakoenda kulia akikumbuka kwao. Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa amelia huko. Mimi pia. Hilo nalo nikaliandika.

Ripoti ilifika ofisini ikiwa imejaa. Yadi ilijengwa, sikudanganyi, ila juu kwenye ardhi kavu kando ya barabara. Kinamasi kikabaki, na tajiri hakurudi tena kwa baba mkwe. Mzee alijua mapema kwamba wale mama wakisema, yeye atakosa mnunuzi. Akaondoka hata hivyo. Jioni ile alimtuma mama mkwe aniletee neno, kwa kuwa mwenyewe asingeweza: "Mwambie mtoto wetu, kuuliza ni rahisi. Kazi ni kumwondolea mtu kinachomzuia kujibu."

Siku tuliyomzika mzee, waombolezaji walikaa kwenye mikeka ya mafunjo. Zamu yangu ya kupita karibu na jeneza ilipofika, nilisimama mbali kidogo, nikakohoa. Ndipo nikapita.

Sasa wewe na wenzako wa ofisi mnatumwa Budalang'i na kwingineko kupima ardhi oevu, na simu zenu zina ramani nzuri kuliko zetu. Pimeni maji, pimeni samaki, ni kazi njema. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujauliza kinamasi kinatoa nini, tazama kwanza nani amekaa mbele ya nani. Kimya cha watu usikiandike kwamba ni hapana. Na siku ukigundua kwamba anayewaziba wenzake mdomo ni wewe, kwa cheo chako au kwa kalamu yako, usibishane na mtu. Inuka utoke.

Mimi nami ni mama mkwe wa watu siku hizi, na vijana hunipisha njia. Mkija kwetu kuuliza, mkasikia nimekohoa kisha nimebeba kiti changu, msinikimbilie. Fungueni kalamu zenu, maana hapo ndipo baraza imeanza. Nendeni, wanangu. Mungu awatangulie njiani, chemchemi za kwenu zisikauke, na popote mtakapouliza, mkute mtu aliye huru kuwajibu.