Maji ya Kunawa ya Koplo

Siku ya kwanza kazini, Musoma, nilikabidhiwa ndoo ya chokaa na baiskeli isiyo na breki. Bwana Afya wa Mkoa hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kijana, mgonjwa ana mganga wake. Wewe fika kabla ya ugonjwa."

Nikapelekwa Butiama kukagua vyoo vya vijiji vya ujamaa. Kina cha shimo tulipimaga kwa mti wenye alama. Kisha Bunda, na ndipo wanajeshi wakaanza kurudi kutoka vitani kwa malori. Bwana Afya wa Wilaya akatukalisha. "Kipindupindu kinapanda lori pamoja nao. Anayeharisha, karantini siku tano. Hakuna cha ndugu hapa!" Karantini ni kumtenga mtu mpaka ijulikane yuko salama, maana mwingine hubeba vijidudu huku anatembea.

Juma hilo hilo akashuka mdogo wangu Wambura, koplo. Tukiwa njiani kwenda nyumbani Mugeta akaniambia, "Kaka, tumbo limeniendesha safari nzima. Sasa limetulia."

Nilijua la kufanya. Lakini mama alishachinja mbuzi, analia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Alikuwa ameshamkatia tamaa mwanawe. Nikajisemea, aah, uchovu tu. Kwetu mgeni wa heshima hutangulia kunawa, wengine wanafuata kwenye karai lile lile. Wambura akanawa, wakafuata wazee, majirani, na mama mwisho. Mimi nilinawa kando, kwa maji ya mtungini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya tatu watu sita waliharisha maji kama ya mchele. Tukawatundikia dripu, yaani maji ya chumvi ya kwenye mshipa. Watano wakapona. Mama hakupona.

Kijiji kikasema jeshi limetuletea kifo, na jeshi lenyewe kwao lilikuwa Wambura. Akahamia Musoma kuuza sangara, hajakanyaga tena Mugeta. Ripoti niliandika mimi: "Chanzo, mwanajeshi aliyerejea." Bosi akasema, "Kazi safi."

Nimestaafu. Vijana wa afya huniulizaga majeshi yanaenezaje magonjwa, nami nawatajia malori, makambi, maji machafu. Ni kweli yote. Ila Wambura, mdogo wangu, ukisomewa haya ujue sijasahau: wewe uliniambia. Aliyenyamaza ni mimi.